Wamama wa Saio Hawakupiga Makofi

Mwaka ule wa 1975, hapa Bunia, watu hawakupewa karatasi ya kura, na sanduku hakuna aliyeliona. Majina ya wale watakaokwenda kutusemea kwenye Bunge yalitoka huko huko Kinshasa, yamekwisha kupigwa mashini, na kazi yetu siye raia ilikuwa moja tu: kusimama kwenye kiwanja, kusikia jina, kupiga makofi. Makofi yakilia, basi, mutu amechaguliwa. Anaitwa komisere wa raia, anapanda ndege, anaenda.

Na makofi yenyewe yalifundishwa. Majuma mawili mazima, kila saa kumi, firimbi ilikuwa inalia kwenye kartye ya Saio, mutaa wetu, na wamama wanaacha sombe, majani ya muhogo, kwenye moto wanakimbia. Firimbi fupi, kimya. Firimbi ndefu, makofi na vigelegele. Asiyekuja, jina lake liliandikwa na muzee Gaspard, mukubwa wa kartye, mutu mupole aliyekuwa anaandika huku anaomba samahani.

Mwenye kuanzisha vigelegele alikuwa Mama Faida, muuza maharagi. Jina lake la batizo lilikuwa Berthe, lakini miaka ile majina ya batizo yalikuwa yamekatazwa na Serikali, na yeye alishukuru kwamba jina la mutoto wake halikumusumbua mutu. Sauti yake ilijulikana. Akipiga kigelegele Saio, mutu aliye sokoni anageuza kichwa.

"Bote batakufuata weye," muzee Gaspard alimuambia. "Ukianza, banaanza. Ukinyamaza, Mama Faida, tumekwisha bote."

Maneno hayo yalimukaa kichwani, ingawa siku ile hakujua atayafanyia nini.

Jina la tatu kwenye lile liste lilikuwa Sitwayen Uweka, maana miaka ile kila mutu aliitwa Sitwayen, yaani raia. Wazee wa Saio walimujua kwa jina lingine: Honoré, mutoto wa marehemu Anastasie muuza chumvi. Mama Faida na Anastasie walikuwa wameuza kwenye meza moja miaka sita, na yule Honoré alikuwa analala chini ya meza ile, kamasi puani, mukono ndani ya sahani ya uji wa Mama Faida. Sasa alikuwa na abakosti, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, ya rangi ya majivu, miwani myeusi, na tumbo lililotangulia. Alikuwa anakuja kwenye mazoezi ya makofi, lakini makofi hakuyaangalia. Alikuwa anaangalia wasichana wa animasyo.

Animasyo ni zile nyimbo na michezo ya kusifu Chama, kile kimoja tu kilichokuwa kinatawala. Kila shule ilitoa wasichana, na Faida, mutoto wa kwanza wa Mama Faida, ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, maana sauti alirithi. Alibakiza mwaka mumoja apate diplome ya ualimu. Mama yake, aliyeacha masomo kwenye mwaka wa nne wa primaire, alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha kumushonea rinda la siku ile, kimelala ndani ya sanduku na ndimu kavu ili wadudu wasikile.

Siku ya ine, yaani Alhamisi, siku tatu mbele ya uchaguzi wa siku ya yenga, Jumapili, Faida aliingia nyumbani akikimbia.

"Mama! Sitwayen Uweka anatubeba! Siye batano! Siku ya kwanza, na ndege, mupaka Kinshasa! Tunaenda kucheza mbele ya Bunge!"

"Mutarudi lini?"

"Hakusema."

"Na diplome?"

"Iko masomo kule pia, Mama."

"Nani alisema iko masomo kule?"

Faida akacheka. "Weye unaogopa kila kitu. Hata kuku akikohoa unaogopa."

Ni kweli, Mama Faida alikuwa mwoga. Mumewe, Mathieu, alikuwa dereva wa kamyo, na kila akitoka yeye alikuwa haongei mpaka amesikia habari zake. Juma lile kamyo ilikuwa imezama kwenye matope karibu na Komanda. Kumutumia neno ni siku ine, na kurudi siku ine. Hakukuwa mutu wa kuuliza.

Akaenda kwa Adeline.

Adeline alikuwa ameondoka miaka miwili mbele, naye kwa ndege, naye na mukubwa mumoja wa Chama, kwenda kucheza. Kurudi alirudi kwa kamyo, na valizi moja ya nguo na kikohozi. Tangu hapo alikuwa anakaa nyuma ya nyumba ya mama yake, kitenge mpaka shingoni hata jua likiwaka, na watu walikuwa wamezoea kumupita bila kusalimia, kwa sababu hakuwa anajibu.

Mama Faida akakaa chini karibu naye. Akamuambia yote: ndege, wasichana watano, siku ya kwanza, Jumatatu. Adeline alichora mistari kwenye udongo na kijiti. Mama Faida alikuwa amekwisha kusimama aende zake wakati alipomusikia.

"Asipande."

"Unasema nini, mutoto?"

"Ile ndege. Faida asipande. Kule hauna mama, hauna pa kukimbilia, na hakuna mutu anakuuliza unataka ao hautaki." Akarudia kuchora mistari yake.

Basi siku ile ile Mama Faida alimungojea Uweka mbele ya ofisi, toka saa sita mpaka saa kumi. Alipotoka, akamusimamisha.

"Mutoto yangu, Faida, umuache. Utafute mwingine wa kuimba."

"Sitwayen," Uweka akasema, na akatabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa wanaangalia, "mutoto si wako. Ni wa Chama. Utafurahi siku utamuona kwenye televizyo."

"Televizyo gani? Saio hata lampe ya umeme hakuna."

Watu wakacheka. Uweka hakucheka. Akamukaribia, akasema pole pole: "Mama Faida, sababu ya mama yangu ninakuheshimu. Rudi nyumbani, kamata mikono yako vizuri, siku ya yenga uipige kwa nguvu. Ile tu njo kazi yako. Mutoto amekwisha kuandikwa."

Usiku hakulala, kesho yake akamukatalia Faida waziwazi. Mulango utafungwa. Faida akamuangalia kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Ukifunga mulango, basoda batakuya kuuvunja. Na diplome bataninyima. Mama, weye ulifika quatrième primaire tu. Iko vitu hauwezi kuelewa."

Mama Faida alikwenda kuchambua maharagi, na alichambua mpaka akatupa mazuri akabakiza mabovu.

Siku ya posho, Jumamosi, wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya raia, wamama wote walikuwa wanakata majani kando ya barabara. Mama Faida alikuwa na jirani yake Vahwere, muuza vitunguu kutoka upande wa Butembo, mwanamuke wa maneno makubwa na mwili mudogo.

"Vahwere," akasema, "kwenu, mutu mwenye kilio anapiga makofi?"

"Makofi namna gani? Mwenye kilio anakaa chini, anafunga kamba ya mugomba kwenye kichwa, ananyamaza. Na mbele yake hakuna mutu anapiga makofi, hata akiwa kichaa. Ni kumutukana maiti."

"Kwetu ni vile vile. Na akisha kunawishwa, kilio kikaisha?"

"Anasimama, anaenda nyumbani kwake moja kwa moja. Hasalimii mutu, hageuki nyuma. Na bale balikaa naye banamusindikiza." Vahwere akaacha kukata. "Kwa nini unauliza? Nani alikufa?"

Mama Faida akainama akakata majani. "Kesho nitamulilia Faida."

Panga la Vahwere likaanguka. "Unamulilia mutoto muzima? Weye! Unamuita kifo aingie kwa nyumba!"

"Kifo kinakuya na ndege siku ya kwanza. Miye ninakitangulia tu."

"Na kama Mungu akikusikia vibaya?"

Hapo Mama Faida alishusha panga lake, maana hilo ndilo lilimuogopesha kupita basoda na bunduki zao na kupita Uweka. Kuvaa kamba ya kilio kwa ajili ya mutoto anayepumua, ni kitu ambacho hakuna mama aliwahi kufanya akasimulia. Lakini alikuwa amepima woga huu na ule, usiku kucha, na huu ndio ulikuwa na mulango wa kutokea.

"Mungu atanielewa," akasema. "Honoré hataelewa maneno matupu. Njo maana."

Vahwere alikata majani mpaka mwisho wa mustari. Mwishoni akaokota jani kavu la mugomba, akalipasua katikati, akampa mwenzake nusu. "Peke yako watakubeba kama muzigo," akasema. "Wamama hamusini, wataanzia wapi?"

Siku ya yenga ilikuwa tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ambayo Wakatoliki wanakwenda makaburini kukumbuka wafu wao. Mwaka ule waliambiwa wafu wangoje, kwanza kiwanja. Watu walijaa toka saa mbili. Wamama wa Saio waliwekwa mbele kabisa, kwa sababu ya sauti yao. Juu ya jukwaa kulikuwa wakubwa kwenye viti, nyuma yao wasichana wa animasyo wamevaa vitambaa vya Chama, na Faida mbele ya wote, anang'aa.

Mujumbe aliyetoka Kinshasa alishika mikro. Akasoma jina la kwanza. Firimbi ndefu ikalia. Mama Faida akatupa kigelegele chake, na kiwanja kizima kikapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Jina la pili, vile vile. Uweka, kwenye kiti chake, alimuangalia Mama Faida akatikisa kichwa kidogo, kama mutu anayemusifu mutoto aliyekula vizuri.

"Sitwayen Uweka!"

Mama Faida akakaa chini.

Alikaa kwenye vumbi, miguu amenyoosha mbele kama tunavyokaa penye maiti. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka kwenye mapaja. Akatoa ile kamba ya mugomba ndani ya kifua, akaifunga kwenye paji la uso. Nyuma yake Vahwere akakaa, akafunga yake. Kisha mustari wote. Kisha mistari ya nyuma, hata wamama wa Saio ambao hawakuwa wameambiwa kitu. Waliona kamba, na magoti yao yenyewe yakajua.

Firimbi ndefu ikalia.

Wanaume waliokuwa wameinua mikono waliiona ile kamba wakaishusha. Wanafunzi wakaangalia walimu, walimu wakaangalia viatu. Firimbi ikalia tena, ndefu kupita ile ya kwanza, na mwenye kuipuliza mwenyewe akaishiwa na pumzi. Ulisikia mbuzi mumoja, kule mbali, analia.

Mujumbe wa Kinshasa hakuelewa kitu. Akamuinamia muzee Gaspard. "Nani akufi?" akauliza kwa Lingala, na mikro ikalipeleka swali lake kiwanja kizima.

Muzee Gaspard akafungua mikono. Akashuka mpaka mbele ya wale wamama. "Mama Faida," akasema, anatoka jasho, "tafazali. Banauliza nani alikufa."

Akajibu kwa sauti ile ile ya vigelegele, ambayo haikuhitaji mikro.

"Mutoto yangu, Faida! Ule pale juu, anasimama nyuma ya kiti cha Honoré mutoto wa Anastasie! Kesho anapanda ndege, siye tunamulilia leo, sababu maiti yake hatutaletewa!"

Kulikuwa na muguno mukubwa. Jina la batizo la mukubwa, mbele ya watu wa Kinshasa! Na Faida, juu pale, alishika mudomo na mikono miwili.

Uweka alishuka mwenyewe. Alikuwa ametoa miwani, na bila miwani alionekana kama yule mutoto wa chini ya meza.

"Ondoa ile kitu kwa kichwa," akasema chini chini.

"Kilio hakiondolewi na mwenye kilio."

"Nitakufunga."

"Funga. Utafunga na hii mustari yote? Wakubwa wako banangojea makofi, Honoré. Hata mimi ninangojea mutoto."

"Mama Faida, usinifanyie hivi. Nilikula kwako."

"Njo maana ninakuomba bila kukutukana."

Uweka aliangalia jukwaani. Mujumbe wa Kinshasa alikuwa anaangalia saa yake, na mwingine pembeni alikuwa anaandika. Kura zake zote zilikuwa zimekaa chini mbele yake, zimenyoosha miguu.

"Kama akishuka," akasema, "utatoka kilio?"

"Nitatoka kilio."

"Mbele ya hawa bote?"

"Mbele ya bote."

Akageuka akapunga mukono. "Faida! Shuka!"

Faida alishuka akilia kwa hasira. Hapo watu walibaki bila kujua, maana kilio cha mutu muzima kinaondolewaje? Vahwere ndiye aliyepata jibu, na mpaka leo hakuna anayejua kama alilitunga palepale. "Aliyeliliwa anamunawisha mama yake yeye mwenyewe!" akapaza sauti. Ndoo ya maji ya wachezaji ikaletwa. Faida akapiga magoti, akamunawisha mama yake uso na mikono, na meno yake yalikuwa yanagongana. "Umenipatisha haya mbele ya dunia," akamunong'oneza. Mama akasema, "Maliza na shingo." Faida akakata ile kamba.

Wakati ule ule, kwenye mustari wa tatu, mama mwingine akasimama akaita jina la binti yake, na kabla wakubwa hawajajua la kufanya, yule naye alikuwa ameruka chini. Na mwingine tena. Watatu walishuka, Faida akiwemo. Wawili walibaki juu. Mama zao walikuwepo kiwanjani, walikuwa wanaangalia chini.

"Sasa," Uweka akasema, na akamunyooshea mukono yule mwenye firimbi.

Mama Faida alikuwa amekwisha kusimama. Mukono mumoja alimushika Faida kwenye kiwiko, wa pili akashika mapindo ya kitenge chake. Akageuka kuelekea barabara ya Saio akaanza kutembea. Hakumusalimia mutu. Nyuma yake Vahwere, nyuma ya Vahwere mustari wote, mamia, wanasindikiza.

"Mama Faida!" Uweka akaita. "Uliahidi!"

Hakugeuka. Vahwere ndiye aliyemujibia, naye bila kugeuka: "Aliahidi kutoka kilio! Ametoka! Mutu wa kilio anaenda kwake!"

Firimbi ikalia nyuma yao. Walisikia makofi machache ya wanaume na ya watoto wa shule, kama mvua inayopita bila kusimama.

Mangaribi redio ilisema watu wa Ituri wamechagua wote kwa shangwe. Siku ya kwanza ndege ikapita juu ya Saio, na Faida alikuwa amejifungia chumbani. Saa sita, Adeline alitoka nyuma ya nyumba ya mama yake, mara ya kwanza kwa miaka miwili, akavuka barabara na kitenge chake shingoni, akaingia kwa Mama Faida bila kupiga hodi. Walikaa na Faida mpaka jua likazama. Waliyosema hakuna aliyesikia, na Mama Faida hakusogelea mulango.

Meza yake sokoni ilipewa mutu mwingine juma lile lile. Na siku ya tatu, Jumatano, akaitwa ofisi.

Faida, aliyekuwa hajamusemesha mama yake tangu kiwanjani, alivaa viatu akamufuata.

Ofisini kulikuwa bwana mumoja na karatasi iliyopigwa mashini kwa kifaransa. "Ni kitu kidogo," akasema. "Weka kidole hapa, urudi nyumbani. Ukikatala, utalala kwetu."

"Imeandikwa nini?"

"Vitu vya Serikali. Hauwezi kuelewa."

Faida akanyoosha mukono akaichukua ile karatasi kabla bwana hajaizuia. Akaisoma pole pole, mara moja kwa macho, kisha akaigeuza kwa Kiswahili kwa sauti, neno kwa neno, kama mbele ya darasa: wamama wa Saio, wakiongozwa na Sitwayen mama wa Faida, walimuchagua Sitwayen Uweka kwa makofi ya wote.

Akairudisha juu ya meza.

"Ni uongo," akasema.

Bwana akamukazia macho Mama Faida. "Nawe unasemaje? Mikono yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imemushika huyu," Mama Faida akasema, na akavuta kiti akakaa, maana alijua atalala pale. "Mengine umekwisha kusikia kwa mwalimu."